Sukari ya Damu na Safari ya Chakula Tumboni: Mambo Usiyopaswa Kuyaficha Zahanatini



Katika toleo hili, safu yetu ya huduma za afya inazungumzia jambo ambalo wengi wetu hulitaja kwa sauti ya chini, nalo ni haja kubwa. Si mazungumzo ya barazani, wala si jambo la kutamkwa mbele ya wakwe. Hata hivyo, aibu hiyo tunapoibeba hadi katika chumba cha mganga, inaweza kutugharimu afya na hata uhai, hasa ikiwa tunaishi na ugonjwa wa kisukari.

Naomba nianze na habari ya nyumbani kwetu. Mjomba wangu aliishi na kisukari kwa zaidi ya miaka kumi. Alianza kwa vidonge, na baadaye akahamishiwa kwenye sindano za insulini. Ukafika wakati akawa anashiba baada ya matonge matatu tu ya ugali. Asubuhi alipata kichefuchefu, na mara nyingine akatapika maharage aliyokula jana yake jioni, yakiwa bado yanatambulika. Haja kubwa aliipata mara moja kwa siku nne au tano. Nyumbani tulisema ni vidonda vya tumbo. Jirani alisema ni chango, na wapo waliotaja mkono wa mtu. Mjomba akanunua dawa za vidonda, kisha dawa kali za kuharisha, na hali haikubadilika.

Jioni moja alijidunga insulini, akala kama kawaida, na kabla ya saa moja kupita tukamkuta amelowa jasho, anatetemeka, na maneno yake hayaeleweki. Sukari ilikuwa imeshuka mno ingawa alikuwa ametoka kula. Hospitalini, daktari alimuuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza: "Mzee, chakula unachokula kinakaa tumboni muda gani?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Kisukari tunakijua kwa kiu, kwa kukojoa mara kwa mara, kwa macho kufifia na kwa vidonda vya miguu visivyopona. Wachache wanajua kwamba ugonjwa huo unaweza pia kubadilisha mwendo wa chakula kuanzia mfuko wa chakula hadi njia ya haja kubwa, na kwamba mwendo huo nao hubadilisha sukari ya damu.

Msafara na kirangozi wake

Mkoa wetu wa Tabora unafahamika katika historia kwa misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo mabegani baina ya Tabora na Bagamoyo, wakisafiri kwa miezi na kulala katika kambi zilizojulikana. Mbele yao alitangulia kirangozi, ambaye ndiye aliyepanga mwendo. Alipokwenda, msafara ulikwenda. Aliposimama, mizigo yote ilitua.

Chakula tumboni nacho husafiri kwa vituo. Kikishamezwa hupita katika umio kwa sekunde chache, kikaingia katika mfuko wa chakula. Humo husagwa na kuchanganywa na tindikali, kisha huruhusiwa kutoka kidogo kidogo. Kwa mtu mwenye afya njema, sehemu kubwa ya mlo wa kawaida huwa imeondoka katika mfuko huo ndani ya saa 4 hivi. Vinywaji huondoka mapema zaidi, na vyakula vyenye mafuta mengi hukawia.

Kituo kinachofuata ni utumbo mdogo, wenye urefu wa takriban mita 6. Hapo ndipo mwili unapofyonza sukari, protini, mafuta na vitamini, na safari yake huchukua kwa kawaida saa 2 hadi 6. Mabaki huingia katika utumbo mpana, ambao una urefu wa mita moja na nusu hivi, lakini ndiko safari inakochukua muda mrefu kuliko kwingine kote. Utumbo mpana hufyonza maji, na bakteria wanaoishi humo huchachusha makapi ambayo mwili haukuweza kuyameng'enya. Kwa jumla, watu wengi wenye afya huona mabaki ya chakula yakitoka baada ya siku moja hadi tatu.

Kirangozi wa msafara huu ni mishipa ya fahamu, yaani neva. Neva kubwa iitwayo vagasi hushuka kutoka kwenye ubongo, ikapita shingoni na kifuani hadi tumboni, ikibeba amri na taarifa. Zaidi ya hiyo, kuta za utumbo zina mtandao wake wenyewe wa mamilioni ya seli za neva. Zipo pia seli maalumu zinazoitwa seli za Cajal, kwa heshima ya mwanasayansi wa Kihispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Seli hizo hupiga mdundo unaoongoza misuli ya tumbo kukaza na kulegea. Katika mfuko wa chakula, mdundo huo ni takriban mara 3 kwa dakika, usiku na mchana, bila sisi kuhisi.

Sukari inavyopotosha mwendo

Sukari ya damu inapokuwa juu, huathiri msafara huu kwa njia kadhaa.

Njia ya kwanza ni ya papo kwa papo. Sukari ikipanda sana, mfuko wa chakula hupunguza kasi ya kumwaga chakula chake, hata kwa mtu ambaye neva zake bado ni nzima. Sukari ikirejea katika kiwango kizuri, mwendo nao huweza kurejea. Hii ni habari njema, kwa sababu sehemu ya tatizo inaweza kurekebishwa kwa kudhibiti sukari.

Njia ya pili ni ya polepole na ina madhara makubwa zaidi. Sukari iliyokaa juu kwa miaka mingi huharibu neva pamoja na mishipa midogo ya damu inayozilisha. Ndiyo sababu mgonjwa huhisi ganzi au moto nyayoni. Uharibifu huohuo unaweza kuipata neva ya vagasi na neva za utumbo, na seli za Cajal huweza kupungua. Kirangozi akipoteza sauti, wapagazi hawajui waende lini. Mfuko wa chakula unaweza kukaa na mlo kwa saa nyingi bila kuusukuma mbele, ingawa hakuna kitu chochote kilichoziba njia. Hali hiyo madaktari huiita gastroparesisi, maana yake tumbo lililopooza kwa sehemu. Hii ndiyo iliyompata mjomba wangu.

Njia ya tatu ni kupotea kwa maji. Sukari ikizidi katika damu, figo huitoa kwa mkojo, na sukari hiyo huondoka pamoja na maji mengi. Mwili uliokauka hufyonza maji zaidi kutoka katika utumbo mpana, na kinyesi hubaki kigumu kama kinyesi cha mbuzi. Choo kigumu ni miongoni mwa malalamiko ya tumbo yanayotajwa sana na watu wenye kisukari.

Si kila mara mwendo hupungua. Kwa baadhi ya wagonjwa, neva zilizoharibika husababisha kuharisha, mara nyingine usiku wakiwa usingizini, au siku kadhaa za choo kigumu zikifuatiwa na siku za kuharisha. Aidha, metformini, dawa inayotumiwa sana kutibu kisukari, inaweza kumfanya mtu aharishe au apate gesi, hasa katika wiki za mwanzo. Mara nyingi hali hiyo hupungua dawa ikianza kwa kipimo kidogo na kumezwa pamoja na chakula. Usiiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Mweleze mtaalamu aliyekuandikia.

Kisukari si chanzo pekee cha mwendo kubadilika. Tezi ya shingo ikifanya kazi pungufu, utumbo huenda polepole, na mtu huhisi baridi, uchovu na kuongezeka uzito. Tezi hiyo ikizidisha kazi, mtu hupata haja mara nyingi na kukonda. Upungufu wa madini ya potasiamu, ambao unaweza kuletwa na kutapika sana au na baadhi ya dawa za kukojoza anazopewa mgonjwa wa shinikizo la damu, hulegeza misuli ya utumbo. Vidonge vya madini chuma wanavyopewa akina mama wajawazito huweza pia kukausha choo. Kwa hiyo dalili moja ina vyanzo vingi, na kuvitofautisha ni kazi ya vipimo, si ya kubahatisha.

Mwendo nao huathiri sukari

Uhusiano huu una pande mbili. Mfuko wa chakula ni kama mlango wa ghala: ukifunguliwa wote kwa mara moja, sukari ya mlo humiminika katika damu kwa kasi, ukifunguliwa kidogo kidogo, sukari huingia kwa kiasi ambacho mwili unaweza kukimudu.

Sasa tazama yaliyompata mjomba. Insulini aliyojidunga ilianza kufanya kazi kwa wakati wake, ikishusha sukari ya damu, huku ugali alioula ukiwa bado umekaa katika mfuko wa chakula. Sukari ya ugali haikuwa imefika katika damu. Insulini ilikuta ghala tupu, na sukari ikashuka mno. Saa kadhaa baadaye, mlo ulipoanza kuingia katika utumbo mdogo, nguvu ya insulini ilikuwa imepungua, na sukari ikapanda. Katika daftari lake la vipimo tuliona namba zikiruka juu na chini bila mpangilio, nasi tukamlaumu kwamba anakula pipi kwa siri. Hakuwa anakula pipi.

Ndugu mwananchi, ikiwa wewe au ndugu yako anatumia insulini na sukari yake inashuka mara tu baada ya kula, kisha inapanda baadaye, hilo ni jambo la kumweleza daktari mapema. Daktari anaweza kubadili muda wa sindano au aina ya dawa. Asiye mtaalamu asijaribu kufanya hivyo mwenyewe.

Anayeshukiwa kushuka sukari na bado anaweza kumeza apewe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, au nusu kikombe cha soda ya kawaida. Kinywaji kinafaa zaidi ya chakula kigumu, kwa kuwa hupita haraka hata katika tumbo lililochoka. Sukari ipimwe tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini, arudie. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu chochote kinywani. Akimbizwe hospitalini mara moja.

Yaliyoonekana kwa majirani zetu Uganda

Elimu kuhusu kasi ya chakula tumboni ina mizizi katika Afrika Mashariki. Daktari bingwa wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946, na kwa muda mrefu alikuwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Dunia inamkumbuka kwa saratani ya watoto iliyopewa jina lake. Jambo jingine lililomshughulisha ni kwamba magonjwa kadhaa ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza aliyaona kwa nadra katika vijiji vya Uganda.

Mwaka 1972, yeye na wenzake wawili, Alec Walker na Neil Painter, walichapisha matokeo ya vipimo vyao. Waliwapa watu vidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, kisha wakapima muda hadi vilipotoka katika choo. Kwa wanavijiji wa Uganda waliokula vyakula visivyokobolewa, safari ilichukua wastani wa saa 36 hivi, na choo cha siku moja kilikuwa na uzito wa takriban gramu 470. Kwa mabaharia wa Kiingereza na wake zao, waliokula mkate mweupe na vyakula vilivyosafishwa viwandani, safari ilichukua takriban saa 83, na choo cha siku kilikuwa takriban gramu 104. Idadi ya watu waliopimwa haikuwa kubwa, na baadhi ya mawazo ya Burkitt kuhusu magonjwa yamejadiliwa sana tangu wakati huo. Hata hivyo, jambo la msingi limebaki: makapi ya nafaka, mboga na jamii ya kunde huongeza ukubwa wa choo, hushika maji, na husaidia utumbo mpana kusukuma mzigo wake.

Makapi hayo hufanya kazi mbili zinazoonekana kupingana. Katika mfuko wa chakula na utumbo mdogo, aina fulani za makapi, kama yale yanayoufanya mlenda uvutike, hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Katika utumbo mpana, makapi hayohayo pamoja na mengine huharakisha safari. Sukari hucheleweshwa na uchafu huharakishwa, na kwa mwili wenye afya hiyo ndiyo hali inayotakiwa.

Wazee wetu hapa Unyamwezini walikula ugali wa mtama na uwele, kunde, choroko, karanga, mlenda, nsansa, michembe na matobolwa, na walitembea na kulima kwa siku nzima. Siku hizi mashine za kukoboa zimetuzoesha sembe nyeupe, na dona tunaiona kuwa chakula cha shida. Ganda la punje pamoja na sehemu kubwa ya makapi yake hubaki mashineni kama pumba, tukawalisha kuku na ng'ombe. Safari tuliyokuwa tukiitembea kwa miguu tunaimaliza kwa bodaboda, na maji tumeyabadilisha kwa soda.

Takwimu za nchi yetu zinaonesha mwelekeo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989, uliofanyika katika vijiji 6 vya Tanzania, uliwakuta na kisukari watu wasiofika 1 katika kila 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusisha watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wa mijini na vijijini, ulikuta wenye sukari ya juu kuwa takriban 9 katika kila 100. Tafiti hizo mbili zilitofautiana katika umri wa watu na namna ya kupima, hivyo hazilinganishwi moja kwa moja. Lakini anayedhani kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa Dar es Salaam amechelewa kupata habari.

Ushauri mmoja haumfai kila mtu

Kwa mtu asiye na dalili zilizotajwa, na kwa mwenye choo kigumu cha kawaida, ushauri unajulikana: ale dona badala ya sembe, au achanganye na mtama na uwele, ale kunde, choroko, mboga za majani na matunda kama papai, anywe maji ya kutosha kutwa nzima, na atembee au afanye kazi ya mikono angalau dakika 30 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapi ya chakula kwa siku. Makapi yaongezwe hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, yakiambatana na maji, vinginevyo tumbo litajaa gesi. Mwenye kisukari akumbuke kwamba dona nayo hupandisha sukari. Kipimo cha ugali kinabaki palepale, na nafasi kubwa ya sahani ijazwe mboga. Mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo amuulize daktari kwanza kiasi cha maji kinachomfaa.

Kwa mgonjwa ambaye mfuko wake wa chakula umechoka, ushauri hugeuka. Makapi mengi na mafuta mengi humzidishia mzigo tumboni, na mara chache makapi huweza kujikusanya yakawa donge. Huyu hushauriwa kula kidogo kidogo, pengine mara tano au sita kwa siku, kutafuna vizuri, kuchagua vyakula laini kama uji, mtori, supu na viazi vilivyopondwa, kupunguza vyakula vya kukaanga, na kutolala mara baada ya kula. Kutembea polepole baada ya mlo humsaidia. Dona na maharage yenye maganda, ambavyo ni dawa kwa jirani yake, kwake vinaweza kuwa chanzo cha kutapika.

Ndiyo maana tunasihi watu wasigawane ushauri kama wanavyogawana chumvi. Kabla ya kubadili chakula au kununua dawa ya kuharisha, tujue kwanza msafara umekwama katika kituo gani.

Jipime nyumbani kwa mahindi

Yapo majaribio ya kitaalamu ya kupima mwendo wa chakula, na mengi hufanyika katika hospitali kubwa. Nyumbani, mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kujua kwa makadirio. Akae siku tatu bila kula mahindi ya kuchemsha wala ya kuchoma. Kisha ale hindi moja la kuchemsha, aandike siku na saa, na aangalie ni lini maganda ya punje yanaanza kuonekana katika choo. Yakionekana kati ya siku moja na siku tatu, safari ni ya kawaida. Yakitokea mapema sana, chini ya saa 12, mwendo ni wa kasi. Yakizidi siku tatu, mwendo ni wa taratibu.

Jaribio hili halitambui ugonjwa wowote. Hukupa tu neno la kumweleza mtaalamu. Mwenye dalili za kutapika au kushiba haraka asilifanye, kwa kuwa punje ngumu zinaweza kumsumbua. Tukumbuke pia kwamba kupata haja mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki kunahesabiwa kuwa kawaida, mradi haja iwe laini na isiwe na maumivu. Usijitie hofu kwa sababu jirani yako huenda kila asubuhi nawe huendi.

Ueleze nini ukifika zahanatini

Kituo cha kwanza cha huduma ni zahanati iliyo karibu nawe. Mganga mfawidhi na wauguzi wamezoea kusikia habari za choo, na kwao hiyo ni taarifa ya kazi kama zilivyo homa na kikohozi. Ukienda, mweleze mambo yafuatayo bila kuyapunguza:

1. Unapata haja kubwa mara ngapi kwa wiki, na kama ni ngumu, laini au ya majimaji.
2. Kama unashiba haraka, unapata kichefuchefu au unatapika, na kama unachotapika ni chakula cha saa nyingi zilizopita.
3. Dawa zote unazotumia, zikiwemo za asili, za kuharisha na zile ulizonunua mwenyewe dukani.
4. Kama una kisukari, tangu lini, na namba za sukari ulizoandika. Kama hujawahi kupimwa, omba upimwe.
5. Kama una ganzi miguuni, kizunguzungu unaposimama, au matatizo ya macho, kwa kuwa dalili za neva huja pamoja mara nyingi.

Kipimo cha sukari ni tone moja la damu kutoka kidoleni. Kwa mtu ambaye hajala tangu usiku, kiwango cha 7.0 au zaidi katika mashine zinazosoma kwa milimoli huashiria kisukari, na kipimo hurudiwa ili kuthibitisha. Hali ikihitaji uchunguzi zaidi, mgonjwa hupewa rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na kutoka huko anaweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tabora, Kitete. Nenda na daftari lako la kliniki, na kama una kadi ya bima ya afya, usiisahau.

Zipo dalili zisizosubiri siku ya kliniki. Nenda hospitalini siku hiyohiyo ukiona damu katika choo au choo cheusi kama lami. Ukitapika mfululizo hata maji hayakai. Ikiwa tumbo limevimba, linauma sana, na hutoi haja wala hewa. Ukiwa na kisukari ukawa unatapika huku unapumua kwa kasi au umelegea. Vilevile, mtu aliyekonda bila sababu, au ambaye haja yake imebadilika ghafla baada ya umri wa miaka 50, achunguzwe mapema ili kuondoa shaka ya saratani ya utumbo mpana.

Neno la mwisho

Kila tarehe 14 Novemba dunia huadhimisha Siku ya Kisukari, siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa wagunduzi wa insulini. Si lazima tuisubiri tarehe hiyo ndipo tupime. Kila anayefikisha miaka 40, kila mwenye uzito mkubwa, mwenye shinikizo la damu, au mwenye mzazi au ndugu wa kisukari, ana sababu ya kupima mwaka huu.

Mjomba wangu hakupona kabisa. Neva zilizoharibika kwa miaka hazirejei kwa urahisi. Lakini muda wa sindano yake ulibadilishwa na milo yake ikawa midogo na laini. Dawa kali za kuharisha alizitupa. Namba katika daftari lake zimetulia, naye hajaanguka tena. Alichopoteza ni miaka miwili ya kuficha jambo ambalo angeweza kulieleza kwa sentensi moja.

Ndugu mwananchi, ukimsindikiza mzazi wako kliniki, muulize njiani yale ambayo ataona haya kuyasema, na mkifika, msaidie kuyasema.

*Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini cha Halmashauri. Makala haya ni ya kuelimisha na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari wako.*